Miaka Minne na Siku za Eda

Mashua ya injini iliyomchukua Abdu ilizama Ziwa Kivu mwezi wa nne wa mwaka 1952, siku ya Jumatano, ikiwa imesheheni maharagwe na viazi vya Mudende kwenda Bukavu. Ndani yake walikuwa watu watano. Wawili waliokotwa na watu wa kisiwa cha Ijwi wakiwa wamelikumbatia pipa tupu la mafuta. Wawili walielea siku ya tatu, wakazikwa huko huko kisiwani. Wa tano hakuonekana, si mzima si maiti, na huyo ndiye aliyekuwa mume wa Saidati.

Wavuvi walitafuta wiki nzima, kisha wakasema mahali pale maji ni marefu mno, hakuna kamba inayofika chini. Wakarudi kwenye nyavu zao. Saidati alikuwa na miaka ishirini na miwili, ndoa yake ina miaka miwili, na mtoto walikuwa hawajajaliwa. Aliishi Majengo, mtaa wa Waislamu wa Gisenyi, pamoja na mama mkwe wake Mukamazimpaka, mjane aliyemlea Abdu peke yake kwa kuuza chai na maandazi karibu na soko. Siku majirani walipokuja na mikeka yao kukaa matanga, mama huyo alisimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, akawaambia warudi nayo.

"Mutoto wangu hajafa," alisema. "Nani kati yenu amemuona amekufa?"

Wakajitwisha mikeka yao wakarudi, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuna aliyemuona.

Jambo likapelekwa kwa mwalimu Muhamadi, aliyekuwa akisalisha msikitini na kuamua mambo ya ndoa na mirathi pale mtaani. Mwalimu hakuwa mtu wa haraka. Alipekua vitabu vyake siku mbili, ndipo akaja kueleza, Saidati akimsikiliza nyuma ya pazia. Mtu aliyepotea bila habari, alisema, mkewe humngojea miaka minne kamili. Ikiisha, mtu huyo huhesabiwa amekufa, na mke hukaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Baada ya hapo yuko huru. Kabla ya hapo ni mke wa mtu.

Miaka minne. Saidati aliisikia kama mtu anayetajiwa umbali wa mji ambao hajawahi kufika.

Yakaanza maisha yasiyo na jina. Kitanda chake kilikuwa cha mjane, lakini kulia kama mjane hakuruhusiwa. Akionekana macho mekundu, mama mkwe alimuuliza kwa upole wenye ncha, unamlilia nani. Kila jioni Mukamazimpaka alipakua sahani ya Abdu, akaifunika, akaiweka juu ya kabati. Asubuhi walikila kile chakula wao wawili.

Abdu alikuwa na mazoea ya kunawa miguu kwenye pipa la maji ya mvua na kuingia ndani bila kuifuta, sakafu yote ikajaa nyayo. Saidati alikuwa akimgombeza kila siku ya Mungu. Sasa alifagia sakafu kavu. Wakati mwingine, mama mkwe akiwa sokoni, alimwaga maji kidogo pale mlangoni, akayatazama mpaka yakakauka.

Na uvumi haukukoma. Mara ameonekana Kalehe akiuza chumvi, mara yuko Kibuye amepoteza akili, anaosha magari ya Wazungu. Kila habari ilimwinua mama mkwe, na kila habari ilimwangusha Saidati mahali pale pale alipokuwa ameanza kusimama.

Mwaka wa pili, Ramadhani ikielekea ukingoni, Mukamazimpaka alimwambia avae buibui waende kwa fundi mpya. Alitaka Abdu ashonewe kanzu ya Idi.

Fundi huyo aliitwa Dauda. Alikuwa ametoka Ruhengeri miezi michache nyuma, akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, mkabala na soko. Mtu wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye mvi upande mmoja wa kichwa, na pini mdomoni muda wote, hata alipoongea maneno yalimtokea pembeni. Mama alimweleza shida yake. Fundi akachukua futi.

"Mwenyewe iko wapi, nimupime?"

"Iko safarini," alisema Mukamazimpaka.

Dauda alimtazama, kisha akamtazama Saidati, aliyekuwa ameinamisha macho. Alikuwa mgeni, lakini si mgeni kiasi cha kutosikia habari za mtaa. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake. Halafu akauliza, kwa adabu ile ile ambayo angemwuliza mteja yeyote, kama huyo msafiri ni mrefu.

Mama akainuka. Akanyoosha mkono juu, akamwonyesha kichwa kinapofika. Kwa mabega, alimgeukia Saidati, akamwekea viganja viwili mabegani, kisha akavitanua taratibu mpaka akafika pale mabega ya mwanawe yanapoishia. Saidati alisimama pale sokoni, mume wake akipimwa kwenye mwili wake, akauma mdomo mpaka akaonja chumvi.

Dauda aliandika vipimo vyote. Mwisho akasema ataacha upindo mpana chini na ubavuni, kwa sababu mtu akitoka safari ya mbali haijulikani kama amekonda au amenenepa.

Mukamazimpaka alimshukuru kwa sauti ambayo Saidati hakuwa ameisikia tangu mashua izame. Njiani kurudi, Saidati alijikuta amekasirika na ameshukuru kwa wakati mmoja, hajui lipi alitangulize.

Walipokwenda kuchukua ile kanzu, Dauda aliona ukingo wa mtandio wa Saidati ulivyopindwa kwa mkono, akauliza nani aliyeupinda. Kazi za cherehani zilikuwa nyingi, alieleza, lakini matundu ya vifungo, mapindo ya chini na kudarizi kofia vilitaka mkono mtulivu, na yeye hakuwa na mtu. Mama mkwe ndiye aliyekubali. Alisema mikono yenye kazi haina nafasi ya kuwaza.

Hapo alikosea.

Mwanzoni Dauda alileta vitambaa mlangoni, akavikabidhi kwa mama, akaenda zake. Baadaye, miguu ya mama ilipoanza kumsumbua, Saidati alipeleka kazi mwenyewe kila Jumanne na Ijumaa. Alikaa kwenye kibao upande wa pili wa baraza, mbele ya macho ya soko zima, akisubiri fundi akague. Dauda alimwita shemeji, ingawa hakuwahi kumwona Abdu. Naye alimwita fundi. Wakaongea habari za uzi, mvua, na bei ya nyama ya mbuzi.

Siku moja alimtaja mkewe. Alikuwa anaitwa Nyiraneza, alisema, na alikufa kwa homa miaka mitatu iliyopita, ndani ya siku nne. Alisema hayo mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, bila kushusha sauti, kama anayesimulia mtu aliye chumba cha pili. Nyiraneza hakupenda vitunguu. Nyiraneza aliimba vibaya, na alijua kwamba anaimba vibaya, na aliimba hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alimshusha kaburini, na kila mwaka alipanda lori kwenda Ruhengeri kung'oa majani pale juu.

Saidati alisikiliza, na kilichompata kilimwaibisha. Aliona wivu. Hakumwonea wivu Nyiraneza, alimwonea Dauda, kwa kuwa na kaburi. Mtu huyu alikuwa na mahali pa kwenda kung'oa majani. Alikuwa na tarehe. Alikuwa amelia mchana kweupe, watu wamemshika mabega. Usiku ule Saidati aliwaza mambo mengi, na siku ya kazi iliyofuata alipomweleza fundi wivu huo, kwa maneno mawili matatu, bila kumtazama, Dauda alisimamisha cherehani. Hakumpa pole. Alimwuliza Abdu alikuwa mtu wa namna gani.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Mama mkwe alisema yuko, majirani walisema hayuko. Saidati akaanza na zile nyayo za maji. Aliongea mpaka jua likahama kwenye baraza.

Tangu siku hiyo walikuwa wanne kwenye ile baraza, wawili walio hai na wawili wasiokuwepo, na hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Lakini moyo una njia zake. Asubuhi moja ya mwaka 1954 Saidati aliamka, na kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa Abdu. Kilikuwa namna Dauda anavyoinamisha kichwa anapotunga uzi. Alilala pale akiangalia dari, akijisikia kama mtu aliyekamatwa ameshika kisichokuwa chake. Kisha akafumba macho kuutafuta uso wa Abdu, na ukamjia kwa shida, bila sauti. Hilo ndilo lililomtoa machozi.

Hakwenda sokoni mwezi mzima. Kazi aliipeleka kwa mkono wa jirani. Dauda hakutuma salamu wala swali. Alituma vitambaa tu, vimekunjwa vizuri kama kawaida, na uzi wa rangi inayofaa ndani yake. Saidati alivifungua vile vifurushi akitafuta kitu ambacho alimshukuru Mungu kwamba hakipo, na ambacho kilimuumiza kwa kutokuwepo.

Mwezi ulipoisha alikwenda mwenyewe, ameazimia kuacha kazi. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, amesimama, hakukaa kwenye kibao.

"Saidati," alisema Dauda. Hakusema shemeji. "Mi sikuulizi kitu, na we usinijibu kitu. We ni muke wa mutu. Najua. Nasema tu kwamba mi niko hapa."

"Usiningojee," alisema Saidati. "Mi najua kungoja. Kunakula mutu."

"Siwezi kukuahidi hilo."

Hakuacha kazi. Ila tangu hapo walipunguza maneno, na upungufu huo ulikuwa mzito kuliko maneno yenyewe. Saidati akimpa kofia, aliiweka juu ya meza badala ya mkononi mwake, na vidole vyake vilijua umbali wote uliobaki mpaka kwenye vidole vya pili. Siku aliyojua Dauda anarudi kutoka kwenye kaburi la mkewe, jioni alisikia lori likishuka kutoka upande wa Ruhengeri. Alisimama uani mpaka lori lipite, ingawa kutoka pale uani barabara haikuonekana.

Mwaka 1955, mwezi wa saba, vumbi la kiangazi likiwa limefunika migomba yote, dereva Harerimana alifika nyumbani kwa Mukamazimpaka. Alikuwa mtu wa kweli, asiyependa porojo, aliyeendesha lori la mizigo kati ya Goma na Uvira. Dauda alikuwa mlangoni na mzigo wa vitambaa. Harerimana alisema kwamba bandarini Uvira kuna mtu anaitwa Abdu, kijana wa mashua, mrefu, na wenzake wanasema alitokea upande huu wa Kivu baada ya ajali ya maji. Hakuzungumza naye. Alimwona tu kwa mbali akipakia magunia.

Mama mkwe alishika ukuta. Alitaka kuondoka saa ile ile, lakini miguu yake haikuweza hata kufika sokoni. Kumtuma Saidati peke yake kwenye bandari za watu hakukuwa jambo la kufikiriwa, na ndugu wa kiume hakuwa nao. Harerimana alichezea kofia yake.

"Mi nitaenda," alisema Dauda.

Aliomba tu aelezwe alama za mwilini. Mama akamwambia kuhusu kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Kesho yake cherehani ilifunikwa gunia, na fundi akapanda lori la Harerimana.

Alikaa siku kumi na moja. Kwa Saidati zile siku zilikuwa ndefu kuliko miaka mitatu yote iliyotangulia. Kila sala alifika kwenye dua akakwama. Amwombe Mungu mume wake awe hai? Ni nani mwenye moyo asiyeomba hivyo? Aliomba, na alipoomba aliona baraza tupu. Aombe isiwe yeye? Ulimi ulikataa, maana hiyo ilikuwa sawa na kumzamisha Abdu mara ya pili kwa mikono yake. Mwisho alikaa juu ya msala, viganja wazi, bila neno, akamwachia Mwenyezi Mungu achague. Mama mkwe alikuwa akifua shuka, akichagua mchele, akiimba nyimbo ambazo Saidati hakuwahi kujua kwamba anazijua.

Siku ya kumi na moja, adhuhuri imeshasaliwa, Dauda aliingia uani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa amepitia kwake. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Saidati alimletea maji, lakini mama hakumngoja anywe.

"Umemuona?"

"Nimemuona, mama. Nimekaa naye siku mbili. Ni kweli anaitwa Abdu, na ni kweli mashua yake ilizama, lakini ilizama Ziwa Tanganyika. Ni mutu wa Kigoma. Kiwiko chake hakina kovu. Mama yake iko huko, anamutumia barua. Si mutoto wako."

Mukamazimpaka alikaa akitazama uani. Kuku waliingia, wakatoka. Alipoongea tena, sauti yake haikuwa na hasira.

"We Dauda, mi si kipofu. Najua unamutaka huyu muke wa mutoto wangu. Nilijua kabla hujapanda lori, na nilikutuma hivyo hivyo, sikuwa na mwingine. Sasa niambie mbele ya Mungu. Ungemukuta Abdu kweli, ungefanya nini?"

"Ningemuleta," alisema Dauda. Akaangalia mikono yake. "Ningemuleta mpaka hapa mlangoni. Halafu ningehama Gisenyi."

Mama alimtazama, akatikisa kichwa polepole. Mtu mwenye kudanganya, alisema, angerudi na kaburi. Angesema nimeonyeshwa kaburi, jambo limekwisha. Huyu amerudi mikono mitupu. Kisha akamgeukia Saidati, na uso wake ukavunjika wote kwa mara moja.

"Nenda uambie majirani walete mikeka," alisema. "Mutoto wangu amekufa."

Wakakaa matanga, miaka mitatu na miezi mitatu baada ya maji kumchukua. Mwalimu Muhamadi alisoma hitima. Wanawake walijaa ndani mpaka jikoni, na Saidati akalia. Alilia kwa sauti, akamwita kwa jina, akamgombeza kwa zile nyayo, na watu wakamshika mabega. Alimlilia Abdu peke yake siku zile tatu, wala hakukuwa na mwingine ndani ya machozi hayo. Kumbe mapenzi yalikuwa hayajaondoka. Yalikuwa yamekosa mahali pa kutua.

Baada ya hitima wazee walimwuliza mwalimu kama sasa mwanamke huyu anaweza kuanza eda. Mwalimu Muhamadi alifikiri, akasema hapana.

"Moyo wa mama umekubali, tumushukuru Mungu," alisema. "Lakini sheria haihesabu mioyo. Inahesabu siku. Miaka minne haijatimia."

Ilibaki miezi tisa, na baada yake eda. Dauda aliacha kuja mlangoni, na Saidati akaacha kwenda barazani. Sasa kwa kuwa kila mtu alijua, hata kukaa kwenye kibao mbele ya soko kusingefaa. Kazi ilipita kwa mkono wa jirani. Walionana kwa mbali siku za Idi, umati katikati. Saidati aliona kwamba mvi za Dauda zimevuka upande wa pili wa kichwa. Akatamani kumwambia, akatamani hata tu kumwuliza kama anakula, na akageuka kurudi nyumbani na maneno yake yote.

Mwezi wa nne wa mwaka 1956 alivua bangili, akavaa nguo nyeupe zisizo na urembo, akaingia ndani kukaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka. Mvua za masika zilipiga bati, zikaisha. Humo ndani alimwota Abdu mara nyingi, na mchana alimwaza Dauda, na taratibu vitu hivyo viwili vikaacha kupigana. Mama mkwe alikaa naye akisimulia utoto wa Abdu: siku alipoanguka kwenye moto, siku alipoiba sukari akasingizia paka. Kwa mara ya kwanza alisema "alikuwa". Neno lilimtoka kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu cha mtu mwingine, halafu akalizoea.

Wiki moja baada ya eda kwisha, mwalimu Muhamadi na Harerimana walileta posa. Wazazi wa Saidati walikuwa wameshafariki, na Mukamazimpaka alisema wazi kwamba atakayeipokea ni yeye, maana huyu ni binti yake. Alikuwa na sharti moja tu. Dauda asije akamkataza Saidati kulitaja jina la Abdu. Jibu la Dauda lilikuja jioni ile ile: hatalikataza, na yeye aachiwe jina la Nyiraneza.

Saidati aliulizwa nyuma ya pazia kama ameridhia. Wanawali hunyamaza, na kimya chao huhesabiwa jibu. Yeye hakunyamaza. Alisema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka uani, na wazee wakacheka.

Ndoa ilifungwa mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikianza kulaza vumbi. Nyumba ya Dauda ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko. Asubuhi ya kwanza Saidati aliamka kabla ya jua, akasikia mwanamume akikohoa, na kwa kitambo hakujua yuko nyumba ipi. Hamu ya Abdu ikamjia kwa nguvu ambayo haikuwahi kumjia mwaka mzima. Alilala kimya, machozi yakimwingia masikioni. Dauda aligeuka akamwona.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Jana asubuhi, nilipokuwa napiga pasi kanzu ya ndoa, mi nilikuwa na yule wangu," alisema. "Nusura niiunguze."

Saidati akacheka akiwa bado analia, na Dauda akamshika mkono. Ulikuwa mkono wenye ngozi ngumu kwenye ncha ya kidole cha kati, pale kinapovaa subana ya kushonea. Miaka mitatu alikuwa ameujua mkono huo kwa macho tu. Akaushika muda mrefu. Nje wanawake wa Busasamana walikuwa wameshaanza kutua mizigo yao ya kabichi, wakiitana kwa Kinyarwanda kwenye manyunyu.

Baadaye aliinuka, akakoka makaa, akabandika maji ya chai. Aliangalia huku na huku, jiko si lake, rafu si zake.

"Sukari iko wapi?" aliuliza.

"Juu ya kabati, nyuma ya taa. Huku chini sisimizi wanaimaliza."

Alinyoosha mkono, akaipata.